Jagi la Chumba Namba Sita

Wodi ya Upandikizaji, Chumba Namba 6
12 Februari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe na Mama hamjambo, na kwamba duka letu la kushona bado limesimama. Mimi sijambo, au tuseme nimo. Mpe Mama shikamoo yangu, kwa sauti ya juu, sikio la kulia.

Ningepiga simu, lakini Mama amekataa habari za simu. Siku ninaondoka aliniambia, "Simu ikikatika nabaki na nini mkononi?" Anataka karatasi, asomewe, kisha ailalie chini ya mto. Basi mimi nitaandika na wewe utamsomea. Naomba usichomeke maneno yako katikati kama ulivyozoea.

Sasa habari zenyewe. Juzi nimepewa zile chembe shina zako. Nilidhani itakuwa shughuli pevu, taa kubwa, watu wanakimbizana. Wapi! Alikuja muuguzi mmoja na kimfuko chekundu kisichozidi kiganja, akakitundika juu ya kitanda, kikaanza kuchuruzika kwenye mshipa wangu. Dakika arobaini, kimekwisha. Nikamwuliza, "Ndiyo basi?" Akasema, "Ndiyo basi." Wewe ulilala saa nne nzima umeunganishwa na ile mashine, damu inatoka mkono huu inarudi mkono ule, na mimi nikamaliza kabla chai haijapoa. Asante, Dada. Nimeandika sentensi hii mara tatu na kila mara inatoka fupi.

Uboho wangu wa zamani, ule wenye saratani, wameshauangamiza kwa dawa. Sasa chembe zako zinatakiwa zijitafutie njia mpaka ndani ya mifupa yangu, zikae, zianze kutengeneza damu mpya. Itachukua wiki mbili au tatu. Kwa muda huo sina kinga yoyote, ndiyo maana chumba kina milango miwili na dirisha lisilofunguka. Naona paa la jiko la hospitali na paka mmoja mweupe ambaye naye ananiona.

Kazi yangu kubwa humu ni kunywa na kukojoa, Mama anisamehe. Kila ninachokunywa kinaandikwa. Kila ninachotoa kinamwagwa kwenye jagi la plastiki lenye mistari, kinasomwa, kinaandikwa kwenye karatasi iliyoning'inizwa mlangoni. Msimamizi wa jagi ni muuguzi mkuu, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamrisha gwaride. Kimoyomoyo nimempa jina Mama Jagi.

Halafu kuna daktari kijana, msichana mwembamba, anayekuja kila siku saa kumi na mbili asubuhi kuchukua mkojo wangu kidogo kwenye kichupa. Huyu ni Daktari wa Vichupa. Anasema dawa tunazopewa ni kali na figo ndizo zinazobeba mzigo. Figo ikiumia, kipimo cha damu huchelewa kusema, lakini ndani ya mkojo hutokea dalili siku mbili tatu mapema, na yeye anafanya utafiti wa kuzinasa dalili hizo. Ameniomba nishiriki, nikakubali. Kwa sasa sina kingine cha kumchangia mtu.

Nawapenda wote.

Mdogo wako,
Fundi


Nyumbani
20 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi hatujambo. Barua yako ilifika juzi na Mama ameshasomewa mara tatu. Tulipofika kwenye mkojo akasema, "Endelea kusoma, mimi ndiye niliyemfulia nepi." Kwa hiyo acha kuomba samahani.

Duka lipo. Meza yako ya kukatia nimeisogeza dirishani penye mwanga. Usianze. Mwalimu mkuu alikuja kuchukua suti, akanikuta mimi, akasema atamsubiri fundi mwenyewe. Nikamwambia fundi mwenyewe yuko mbali na tumbo lako halisubiri, vaa. Akavaa, akajigeuza mbele ya kioo, akaondoka anapiga mluzi. Nyumbani dirisha la jikoni tumeliziba na kadibodi. Kile kioo kipya kimekuja kikubwa, hakiingii. Fundi wa vioo anasema nilimwandikia vipimo hivyo, mimi nasema hajui kusoma. Hatusalimiani.

Mgongo uliniuma siku mbili baada ya ile mashine, sasa nimepona, usiniulize tena.

Kuna jambo nataka uniambie mimi kwanza, kabla ya Mama, kwenye karatasi ya peke yake. Wakati nachukuliwa vipimo daktari alinieleza kwamba mara nyingine chembe za mtoaji zikifika mwilini mwa mwenzake zinamwona yeye ndiye mgeni, zinaanza kumshambulia. Ngozi, tumbo, ini. Mimi unanijua. Nimegombana na fundi wa vioo, na mwenye nyumba, na kwaya nzima. Sasa nakaa kwenye cherehani nawaza, je, kama chembe zangu zimerithi tabia? Unacheka, najua. Mimi sicheki sana. Kama kuna kitu zinakufanyia, usinifiche.

Mama anasema ule.

Dada yako Mkubwa


Chumba Namba 6
4 Machi

Dada,

Shikamoo, na shikamoo kwa Mama. Leo kaeni vizuri, maana nina habari tatu na zote tamu.

Ya kwanza: chembe zako zimeshika! Wiki iliyopita bingwa mwenyewe aliingia, yule mzee mrefu asiyetabasamu, akasema chembe nyeupe za damu zimeanza kupanda, na ni zako wewe. Mama Jagi akapiga makofi mawili, akakumbuka cheo chake, akaacha. Kwa hiyo ndani yangu sasa unazunguka wewe. Hazijagombana na mtu. Naona tabia hukuziachia, umebaki nayo yote.

Ya pili ni kwa ajili ya Mama: nimeongezeka kilo tatu kwa siku tano. Nimeanza kula, si sana, lakini naona mizani imenihurumia. Mwambie mwanawe ananenepa.

Ya tatu: nimepandishwa cheo. Wauguzi ni wachache na wagonjwa ni wengi, kwa hiyo mgonjwa anayejiweza anaruhusiwa kupima na kuandika mwenyewe. Mama Jagi alinitazama ninavyosoma mistari ya jagi, nimeinama, jicho moja nimefumba, akasema, "Huyu ana jicho la kazi." Nikamwambia miaka thelathini na tano nimesoma futi ya kupimia, jagi litanishinda nini? Sasa karatasi ya mlangoni ni mwandiko wangu, na ndiyo safi kuliko zote wodini. Nakunywa lita mbili, natoa lita mbili. Wenzangu wanaulizwaulizwa, mimi napongezwa.

Malalamiko madogo tu. Nguo zao hazifai. Lastiki ya suruali inanibana kila jioni mpaka inaacha alama, na soksi vivyo hivyo. Ndara nazo zimekuwa ndogo. Nadhani mashine yao ya kufulia ina maji ya moto mno, lastiki zinajikaza. Ningekuwa na sindano ningezilegeza zote, lakini sindano humu ni za aina nyingine.

Daktari wa Vichupa jana alikuja mara mbili. Aliniuliza kama uso unanivimba asubuhi. Akasimama mlangoni akaisoma karatasi yangu, akairudia, akasema, "Karatasi nzuri." Lakini hakusema kama mtu aliyefurahi. Sikumwuliza. Siku nikitoka chumba hiki nitakwenda kukaa hosteli ya jirani, kuna bustani, na nimeshaanza kuota nimekaa kwenye benchi.

Wako,
Fundi


Nyumbani
10 Machi

Mdogo wangu,

Sikusalimii. Barua hii ni yako peke yako, Mama hasomewi.

Mpaka ikufikie utakuwa umeshajua kilichotokea, lakini nataka ukisikie kwangu. Barua yako imefika leo asubuhi. Nikamsomea Mama. Chembe zimeshika, akalia. Kilo tatu, akacheka, akataka nikasome kwa jirani. Nikaendelea kusoma kwa sauti mpaka kwenye lastiki, nikanyamaza. Mama akasema, "Mbona umesimama?" Nikamwambia mwandiko wako mbaya.

Wewe ni fundi. Tangu umezaliwa umewahi kuona lastiki imejikaza kwa maji ya moto? Lastiki ikichemshwa hulegea. Inakufa. Nusu ya kazi za kurekebisha tunazopata ni lastiki zilizokufa, na wewe mwenyewe ndiye unayezing'oa ukiwatukana wenye mashine za kufulia. Tena unasema inabana jioni. Lastiki gani hiyo inajua saa? Si nguo, ni miguu yako. Na ndara ni za plastiki, hata lastiki hazina.

Nikajiambia labda nimezidisha, maana kama maji yangekuwa yanabaki mwilini jagi lingesema. Ndipo nikakumbuka. Jagi unaandika wewe.

Tangu lini sisi tukaandika kipimo kama kilivyo? Marehemu Baba alitufundishaje? Soma futi, ongeza ya mshono, ndipo uandike, maana anayekata atakata kama alivyosoma. Kiuno thelathini na mbili, kitabuni thelathini na nne. Tumefanya hivyo tangu watoto, mpaka mkono unaongeza wenyewe. Nikatazama kadibodi ya dirisha la jikoni. Yule fundi wa vioo anajua kusoma vizuri kabisa.

Mteja aliyenifuata nyumbani nikamwacha amesimama na pini kwenye pindo, nikapiga simu wodini.

"Wodi ya Upandikizaji," sauti ikasema, nikajua ndiye Mama Jagi wako.

"Mimi ni dada wa mgonjwa wa chumba namba sita."

"Mgonjwa anaendelea vizuri, mama."

"Ndivyo anavyokuandikia. Hebu mpime wewe mwenyewe."

"Unasemaje?"

"Nasema jagi msimwachie. Sisi mafundi tunaongeza."

"Mnaongeza nini?"

"Kila kitu."

Nikamweleza ya mshono, nikamweleza ya lastiki. Akauliza, "Inabana jioni tu?" Nikasema jioni tu, na alama inabaki, ameandika kwa mkono wake. Akaniambia nisubiri. Hakukata simu, aliiweka mezani, nikasikia viatu vyake vinakwenda mbio.

Aliporudi nilimwuliza kama ni chembe zangu. Akasema bado hawajui. Sikuomba kuongea na wewe kwa sababu ungenibishia, na mimi nisingeweza kubishana leo. Nina hasira na wewe na nina hofu, ndiyo maana mwandiko uko hivi.

Dada


Chumba Namba 6
11 Machi

Dada,

Umeniumbua. Nakuandikia kabla barua yako haijafika, maana Mama Jagi amesema lazima utakuwa umeandika.

Jana nilikuwa nimekaa kitandani namtazama paka, milango yote miwili ikafunguka kwa pamoja, jambo lisiloruhusiwa. Mama Jagi mbele, Daktari wa Vichupa nyuma yake, bingwa nyuma kabisa anamalizia kufunga barakoa. Mama Jagi akachukua jagi, akalijaza maji ya bomba, akaniwekea mbele ya macho.

"Soma."

"Mia mbili na hamsini."

"Ungeandika ngapi?"

"Mia tatu," nikasema, bila kufikiri hata kidogo.

"Hamsini za nini?"

Dada, nilifungua mdomo, na neno likatoka lenyewe. "Za mshono."

Hakuna aliyecheka. Mama Jagi akasema taratibu, "Mkojo hauna mshono, baba." Hapo ndipo nikaona nilichokuwa nafanya, mara nane kwa siku, zaidi ya wiki, kwa mwandiko safi kuliko wote wodini.

Daktari wa Vichupa akakaa chini kwenye kiti, kama mtu aliyekuwa amebeba kitu kizito akaambiwa aweke. Kumbe vichupa vyake vilianza kuonyesha dalili tangu tarehe mbili. Alimwambia bingwa. Bingwa akatazama damu, damu nzuri. Akatazama karatasi yangu, nzuri mno. Kilo zimepanda, lakini anakula. Kipimo cha vichupa bado kinafanyiwa majaribio, na dawa inayotiliwa shaka ndiyo inayozuia mwili wangu na chembe zako zisipigane, huwezi kuipunguza hivi hivi. Akaamua wasubiri. Msichana wa watu siku nane anakuja alfajiri, kichupa kinamwambia hivi, karatasi yangu inamwambia vile, na karatasi imeandikwa na mtu mwenye jicho la kazi.

Damu ya leo asubuhi nayo imeanza kusema. Bingwa anasema ilichelewa kwa sababu nimekonda, misuli imeisha, na kipimo kile kwa mtu wa namna hiyo hudanganya. Wamepunguza ile dawa, wamebadilisha nyingine ya kuzuia maambukizi, na jagi limerudi mikononi mwa mwenyewe, Mama Jagi. Mwambie Mama nimeshushwa cheo.

Ukurasa unaofuata usimsomee.

Dada, zile kilo tatu ni maji. Wameniambia kama siku nne hizi hali haitageuka, wataniunganisha na mashine ya kusafisha damu. Naogopa sana. Niliogopa saratani, nikaogopa dawa, sikujua bado ninayo hofu nyingine iliyobaki.

Na kuna jambo sikuwaambia wao. Si yote yalikuwa mazoea. Jumamosi mkojo ulikuwa kidogo mno, nikauona, nikajua ni kidogo, na nikaandika karibu mara mbili. Nilitaka bustani. Nilitaka Mama Jagi aendelee kunisifu. Nimekuwa mtu mzima wa miaka arobaini na sita anayemdanganya muuguzi ili asifiwe. Sasa umejua wewe peke yako.

Mdogo wako


Chumba Namba 6
20 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Hii isome kwa sauti, tena simama.

Jumapili asubuhi Mama Jagi aliingia kuchukua kilichopatikana usiku. Akamwaga kwenye jagi, akainama, akafumba jicho moja kama mimi. Akainuka. Akainama tena. "Mia nne na kumi," akasema, "kavu kabisa, bila mshono." Akatoka nalo mlangoni kuwaonyesha wenzake, Dada, jagi langu limeinuliwa juu kama kombe, na wauguzi watatu kwenye korido wakashangilia. Sijawahi kushangiliwa hivyo hata siku ya harusi ya mtu mwingine, na yangu haijatokea.

Tangu siku hiyo nakojoa kama mtu aliyelipwa. Kilo mbili na nusu za maji zimeshaondoka. Kile kipimo cha damu kinashuka kuelekea kawaida. Mashine haikuguswa. Bingwa amesema tuliwahi kwa siku tatu au nne hivi, na kwamba siku hizo ndizo zinazotenganisha figo iliyochoka na figo iliyokufa. Kisha, hebu fikiria, akatabasamu, akamwambia Daktari wa Vichupa kuanzia sasa dalili ikipanda apigiwe yeye simu moja kwa moja. Msichana alitoka humu anatembea kwa vidole kwa furaha.

Barua yako ya hasira nimeipata, nimeisoma mara nyingi kuliko Mama anavyosomewa zangu. Nimeona swali ulilomwuliza Mama Jagi. Nilimwuliza bingwa mwenyewe kwa ajili yako. Si chembe zako. Ni dawa, amenionyesha kwa jina. Chembe zako zimetulia, zinafanya kazi, hazijamgusa mtu. Jisamehe basi.

Ile ya Jumamosi nimewaambia. Mama Jagi akasema, "Tulijua," akaendelea kutandika shuka.

Fundi


Hosteli ya Wagonjwa, Chumba cha Bustanini
3 Mei

Dada Mkubwa,

Shikamoo. Unaona anwani? Wiki ya nne sasa niko hosteli. Nimekalia benchi mpaka nimelichoka. Naenda kliniki mara mbili kwa wiki, natoa damu, natoa kichupa, narudi. Figo zimerudi kama zamani, bingwa ametamka mbele ya wanafunzi wake, na tarehe 22 narudi nyumbani. Tarehe ishirini na mbili! Kamwambie Mama.

Sasa tuongee mimi na wewe. Tangu Machi umeniandikia barua mbili. Ya kwanza mistari mitano, minne habari za kioo kuingia dirishani. Ya pili umeniuliza hali ya hewa. Dada, wewe lini ukauliza hali ya hewa? Nimejua bado una hasira, na ni haki yako. Nilikudanganya wewe na Mama kwa habari tamu.

Lakini Mama ameniandikia. Amemkalisha jirani fundi saa akamwandikisha neno kwa neno, na nakunakilia hapa maana najua hukuonyeshwa: "Mwanangu, nimesikia kwa watu kwamba figo zilikuwa zinakusumbua na dada yako amenificha. Mimi nina mbili na umri wangu siendi popote, kama unataka moja sema. Lingine ni kuhusu dada yako. Kila Jumatano anafunga duka asubuhi, anavaa viatu vile vizuri, hasemi anakokwenda. Anarudi amechoka, ana siri. Mimi naona amepata mtu. Muulize wewe, mimi ananifokea."

Kwa hiyo nauliza. Ni nani huyo? Kama ni fundi wa vioo nitafurahi sana, nyie mnafaana.

Nirudishie jibu kabla ya tarehe 22. Na niambie kama bado umenikasirikia, nije na maneno tayari.

Mdogo wako,
Fundi


Nyumbani
11 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama hajambo. Tangu asikie tarehe 22 amefagia chumba chako mara nne, na ameniamrisha nirudishe meza ya kukatia mahali pake. Nimeirudisha.

Si fundi wa vioo. Nimemwomba radhi, akanipokea vizuri, ana mke na watoto sita.

Ukurasa wako ule wa siri uliponifikia mwezi wa tatu, nilisoma neno mashine na sikuendelea. Siku iliyofuata nilifunga duka nikaenda hospitali ya hapa, nikamwuliza daktari wa figo swali moja. Akaniambia mtu aliyepewa chembe zangu akaziotesha anaweza kuipokea figo yangu kwa ugomvi mdogo kuliko mtu mwingine yeyote, maana damu yake sasa ni yangu. Nikamwambia basi anza kunipima.

Barua yako ya kushangiliwa ilipofika nilimsomea Mama kwa sauti, nimesimama, kama ulivyotaka. Nikafurahi. Jumatano nikaenda tena kupimwa. Nitakuambia kwa nini, na usiumie: kila habari njema yako nilikuwa naipunguza kidogo kichwani. Sikuwa na hasira. Nilishindwa tu kukuandikia maneno mengi bila hili kutoka, na ningekuandikia ungenikataza.

Wamenipima kila kitu. Damu, moyo, mshipa kwa mshipa. Wamenipa jagi na mimi, siku nzima, tena nikamwita jirani asome badala yangu. Jumatano iliyopita nimeambiwa figo zote mbili ni nzima na nafaa. Ya kushoto ndiyo yenye mishipa mizuri, kwa hiyo ya kushoto ndiyo niliyokuwa nimekuwekea.

Jana nimempelekea daktari barua yako ya tarehe tatu. Akaisoma, akacheka alipofika kwenye maneno ya Mama, akasema ni habari njema mno, ndugu yako amepona, tulifunge hili faili?

Nimemwambia asilifunge. Aliache wazi mpaka tarehe 22, nikuone unashuka kwenye gari kwa miguu yako, nikutazame uso, nikutazame vifundo, ndipo nitakwenda mwenyewe kumwambia afunge.

Dada yako